Mtu wa Kiti cha Kulia

Mpapura, Mtwara
Jumapili, 2 Desemba 2007

Kaka yangu Zuberi,

Assalaam alaykum. Mimi ni mzima, na Mama anaendelea vizuri kuliko wiki iliyopita. Analala bila dawa ya maumivu, na tangu juzi ameanza tena kugombana na kuku, dalili unayoijua mwenyewe. Nijulishe hali zenu huko Tanga. Kifua cha wifi kimetulia? Watoto wamefunga shule?

Barua yako niliipata Ijumaa. Umeuliza mambo mawili: kwa nini gari halijatengenezwa, na kwa nini mdogo wetu Yusufu bado ana funguo. Naanza na gari.

Limenichosha, kaka. Sikatai kwamba ulipolinunua kwa wale Wachina wajenzi wa barabara walipofunga kambi, ulinunua kitu cha maana. Viti saba, kiyoyozi kinachofanya kazi, na gari hilo la Shanlu lilikuwa la bei ndogo kuliko gari la Kijapani lenye umri mara mbili yake. Lakini lilitengenezwa liuzwe kwao Uchina, kwa familia za kwao. Kitabu chake ni Kichina kitupu. Taa ya mbele nimeitafuta Mtwara, Lindi na Masasi. Dar walitaka namba ya kipuri, na namba imo ndani ya kitabu hicho hicho. Fundi Valdemar, yule aliyetoka upande wa pili wa Ruvuma, anasema ataweka taa ya Kijapani, itakaa kama meno ya kuazima. Nilipomuuliza lini, alinijibu nikamuulize Mchina.

Halafu usukani wa kushoto. Miezi kumi na minne tumeishi nao. Trafiki wa Mikindani kila mara alikuja dirishani kwangu kudai leseni. Siku moja alinikaripia kwamba mama mzima ninaendesha huku ninasoma gazeti, na Yusufu alicheka mpaka akatafutiwa kosa lake. Felismina, mke wa Valdemar, huniita dereva asiye na usukani.

Sharti la gari ulilitoa wewe mwenyewe. Dereva aliyekaa kushoto haoni kilicho mbele ya lori, basi asilipite mpaka mtu wa kiti cha kulia atazame na kusema pita. Yusufu alilishika sharti hilo hata kwa mkokoteni. Akiwa peke yake hulifuata lori la korosho toka hapa Mpapura mpaka bandarini, akimeza moshi wake, na wenzake humtania kwamba anasindikiza maiti.

Alhamisi ile, tarehe 15 Novemba, tulikuwa tunampeleka Mama kliniki ya presha. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi tulikuwa nyuma ya lori la korosho lililofunikwa turubai. Yusufu akatoka kulipita, pikapu ikatokea mbele, akarudi kushoto kwa nguvu, tukaingia mtaroni. Mama alivunjika mkono. Hakuna mwingine aliyeumia. Askari alipofika, Yusufu alimwambia kwamba alipita kwa kuamua mwenyewe, hakumuuliza mtu. Na wewe alikueleza hivyo hivyo kwa simu.

Kwa maneno hayo umeamua arudi shambani Nanyamba, na asimwendeshe Mama tena. Mahakamani ni Jumatano ya tarehe 12. Akikiri atanyang'anywa leseni, na ile kazi ya udereva aliyoahidiwa na wakala wa bandarini kuanzia Januari itakwenda kwa mtu mwingine. Ameiomba kazi hiyo miaka mitatu.

Kaka, Yusufu aliuliza.

Mara ya kwanza nilimwambia bado. Mara ya pili nilimwambia bado. Kisha nikafungua daftari. Nilikuwa na habari ya foleni ya wakulima kwenye ghala, niliitaka ifike Dar kabla ya saa sita, na kulikuwa na tarakimu moja haikubali kujumlika. Aliponiuliza mara ya tatu nilisema pita. Sikuinua macho.

Askari alipokuwa anaandika maelezo, nilisimama hatua mbili kutoka pale, daftari lile mkononi, nikayaandika maneno ya Yusufu kama nilivyoyasikia. Jioni nilituma habari ya ajali gazetini. Ilitoka mistari kumi na minane: saa, mahali, aina ya lori, hali ya majeruhi. Hakuna kosa hata moja ndani yake. Nani alikaa kulia na alisema nini, sikuandika. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na nimewaandika watu wengi waliofanya nilichofanya mimi.

Mama anajua, kwa sababu alikuwa nyuma yangu na masikio yake ni mazima. Hajaniuliza lolote. Ila akitaka kufungwa kanga, siku hizi anamwita Yusufu.

Kesho Jumatatu nakwenda kituoni kutoa maelezo yangu. Mhariri nimeshamwandikia masahihisho. Yusufu nilimweleza leo asubuhi, akanisihi niache, akasema dada yake ana jina mjini na yeye hana, hivyo bora lichafuke lisilokuwepo. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu ajali, na sijui nilimkasirikia nani.

Ombi langu ni moja. Usimpelekee salamu kupitia kwangu. Mwandikie yeye, jina lake juu ya bahasha, kabla ya tarehe 12.

Msalimie wifi, na wanao wote uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakuombea dua, na anasema kanzu uliyomtumia baba mdogo imemfika.

Dada yako,
Nuru