Maiki Iliyosikia Kifua Chako

Egesa, ndugu yangu,

Sitakuuliza hali. Nakuandikia kwa sababu jana kaka yako Barasa alikuja kwangu hapa Tororo, shati limepigwa pasi, akitaka ule wimbo wetu. Jumamosi wanakufanyia ukumbusho nyumbani kwenu Lunyo. Wamekodi mahema na spika kubwa, na anataka watu wakusikie ukiimba. Nilikubali hapo hapo. Ndipo akasema, "Lakini Athieno, ile kikohozi utoe. Watu watasema hatukupeleka yeye hospitali."

Hamkumpeleka! Neno lilinifika kwenye ulimi. Nikamwongezea chai, akanywa, akaondoka. Tangu hapo nina hasira ambayo sina pa kuimwaga ila kwako.

Unakumbuka tulivyoitafuta ile maiki? Huku mpakani maiki nzuri ni ile inayopiga kelele. Yule muuzaji wa Busia, upande wa Kenya, alichomeka maiki ya jukwaani kwenye spika ya nje, akapiga "Alo! Alo!" mpaka wauza ndizi wakageuka. "Hii iko na nguvu, madam. Hata mapasta wanakujia hii." Mimi nikashawishika. Bei tuliiweza, na maiki yenyewe haikusikia kitu ila mdomo ulioisogelea, kwa hiyo malori yanayosubiri kuvuka yangenguruma yatakavyo. Wewe ukaomba kiti. Ukakaa mlangoni, ukavaa hedifoni, ukapiga gita polepole mbele yake, kisha ukakunja uso. "Inakula sauti ya nyuzi nyembamba," ukasema.

Ukachagua ile nyingine, rahisi vilevile, ya kuchomeka kwenye laptopu kwa waya mmoja. Muuzaji akatuonya kwamba hiyo inasikia kila kitu, hata kuku wa jirani. "Basi tutaenda mahali hakuna kuku," ukamjibu.

Tukaenda Petta, kwa nyanya yangu, ambako kuku walikuwa wengi kuliko watu. Nyanya aliwafukuza kwa ufagio huku akiwatukana kwa lugha yetu ya Dhopadhola, nawe ulicheka hadi ukashika mbavu. Lakini kuhusu nyumba yake ulikuwa sahihi: kuta za udongo na paa la nyasi, sauti haikurudi kutupiga masikioni kama kwenye vyumba vyetu vya mabati. Maiki moja, watu wawili na gita. Ulikataa kuielekeza kwenye tundu la gita, ukasema pale gita linavuma tu. Ukaiweka pale shingo inapokutana na tumbo la gita, ukaiinua kidogo ili ipate na mdomo wako. Mimi niliyekuwa naitikia ukanisukuma karibu na mlango. "Rudi nyuma, Athieno. Wewe uko na sauti ya kuita ng'ombe."

Hakuna anayenitukana vizuri hivyo siku hizi.

Kati ya ubeti wa pili na wa tatu ulikohoa. Vidole havikusimama. Tulipomaliza nikataka turudie, ukakataa, ukasema huo ndio umetoka na moyo. Nikavaa hedifoni nisikilize. Egesa, ndani ya ile nyumba mimi nilisikia kikohozi tu. Maiki ilikuwa imesikia mengine. Kabla ya kila mstari, ulipovuta pumzi, kifua chako kilipiga filimbi, nyembamba, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Nilikuangalia. Ulikuwa unapangusa gita kwa shati. "Ni vumbi ya barabara tu," ukasema. Kwa uongo huo hata wewe sijakusamehe.

Baadaye, kliniki ulikokwenda walitaka uende hospitali kubwa upigwe picha ya kifua. Pikipiki ulikuwa huiwezi tena, upepo ulikukaba. Barasa alikuwa na gari, nawe ulikuwa unalala nyumbani kwake, ukuta mmoja na mama yako, na kwenu mkubwa ndiye huamua mgonjwa aende wapi. Mimi ni nani kwenye boma la watu? Nikambebea laptopu. Nikamvalisha hedifoni kwa mikono yangu, nikamwambia, "Mzee, sikiliza vile anapumua." Alisikiliza wimbo wote, kichwa kikitikisika kwa mdundo. Kisha akazivua. "Wimbo ni tamu. Hiyo kukohoa mtatoa baadaye."

Akapakia vitunguu vyake vya kuuza garini, akaenda sokoni.

Sasa amekuwa mpenzi wa muziki. Gita lako amelitundika sebuleni karibu na kalenda, na wageni wanaonyeshwa. Wale waliokuita mvivu anayekuna mbao wanakuita msanii wetu. Nikisikia hilo neno natamani kutema mate.

Kufuta kikohozi ni kazi ndogo. Jana alipoondoka nilifungua laptopu, nikaona pale kilipo, nikaweka kidole. Nusura nikifute. Nilijiambia labda ni kwa heshima yako, na kwa ajili ya mama yako, asiumie mbele ya watu. Halafu nikaona nisimsemee mama wa watu. Leo asubuhi nimekwenda Lunyo, nikamkuta anapura maharage, nikamvalisha hedifoni. Alitulia wakati wote wa kuimba. Ulipokohoa akanyoosha mkono. "Rudisha pale." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Machozi yakamtoka, na akatabasamu kidogo, Egesa, mimi nimeona. "Huyo sasa ni mtoto wangu. Kuimba aliimbia watu. Hii ndio nilikuwa nasikia kwa ukuta."

Nikamwambia anachotaka Barasa. Alizivua hedifoni, akanirudishia, akarudi kwenye maharage yake. "Barasa asiguse," akasema.

Basi kwaheri, ndugu yangu. Lala, kifua kimetulia sasa. Nakuahidi wimbo utakwenda mzima, pumzi zote na kikohozi chote, na nitausimamia mwenyewe. Barasa ameshaniambia viti vya mbele ni vya familia. Nami ndiye nitakayepanga spika. Moja nitaielekeza kwake.

Wako,
Athieno