Sola Juu ya Gari la Mkate

Jumanne, 3 Juni 2025

Gari limefika! Suzuki dogo jeupe, lililokuwa likisambaza mikate Kisii mjini. Bado linanukia mkate. Nimejifungia ndani nikajaribu kulala — miguu inatosha nikijilaza mshazari. Ubavuni herufi zimebanduka, yamebaki maneno MKATE MTA. Sitayafuta.

Purity amekuja kulitazama. Purity ni mke wa Obwocha, kifungua mimba wangu, na nyumba yao iko hatua thelathini kutoka kwangu. Akauliza mtu mwenye vyumba vinne, tena anayelala peke yake, anataka gari la kulala la nini. Nikasema ni la safari. Akasema mabasi yapo. Nikamwambia basi halilali mlangoni pa mtu. Akacheka, akaenda zake.

Anajua lakini. Hapa Kebirigo nani hajui? Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndizo chinsoni zetu, miiko ya Wagusii. Nyumba ya Obwocha naijua kuta za nje tu, mwaka wa tisa huu. Purity hunitolea kigoda, nanywa chai yangu chini ya dirisha, nashukuru, narudi kwangu. Baba yangu naye alikaa hivyo hivyo kwangu, akafa bila kujua viti vyangu ni vya rangi gani. Si ugomvi. Ni heshima.

Sasa Omosa, kitinda mimba, anafundisha Turkana, mbele ya Lokichar. Stima hakuna. Gesti hakuna. Joto la kuharibu insulini yangu kabla ya wiki kwisha. Nilale wapi, na dawa niiweke wapi? Basi — kitanda changu, kifriji changu, sola juu ya paa. Nifike hadi ukutani kwa mwanangu nisivuke kizingiti. Mpango huu ninao tangu Machi.

Machi ndipo mtoto wao alipozaliwa. Wamempa jina la marehemu mke wangu. Nyakerario.

Alhamisi, 5 Juni

Omosa ametuma video. Nyakerario anapiga chafya. Sekunde nane. Mama yake, Akiru, anacheka nyuma ya simu lakini haonekani. Akiru ni wa huko huko Turkana, na mimi sijawahi kumwona ana kwa ana. Walipooana nilikuwa nimelazwa, sukari imepanda.

Nimeitazama tena kabla ya kulala. Ana masikio ya bibi yake. Au nayataka yawe ya bibi yake.

Jumatatu, 16 Juni

Kisii mjini, kuchagua sola. Fundi ni Phanice, binti wa miaka thelathini hivi, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nilijua ninachotaka — zile paneli nyembamba zinazopinda, zinazobandikwa kwa gundi. Nzuri kwa macho! Zinalala bapa kwenye paa, mtu hazioni.

Akauliza naenda wapi. Nikasema Turkana. Akazirudisha kwenye kabati.

Tukabishana. Yeye anasema paneli ikibandikwa moja kwa moja kwenye bati lenye moto haipati hewa chini, na paneli yenye joto sana hutoa umeme kidogo. "Mwalimu, hiyo itaiva kama chapati." Anataka zenye fremu ya alumini, ziinuliwe juu ya paa kidogo ili upepo upite. Tena zitalipa gari kivuli. Nikasema zitafanya gari lifanane na kibanda cha simu. Akasema friji haijali sura. Nimeshindwa. Paneli mbili, wati mia kila moja. Betri ya lithiamu, maana ile ya kawaida ni nzito na ingekula nafasi ya miguu yangu.

Akauliza naenda kumwona nani. Likanitoka tu: "Mke wangu." Alijua mimi ni mjane, mtu fulani alikuwa amemwambia. Ikabidi nieleze kuhusu jina. Tulicheka sana! Halafu akaniambia bibi yake alimwita "mama" hadi siku ya kufa, kwa kuwa Phanice amebeba jina la mama yake bibi. Alipigwa na bibi mara moja tu, na bibi akalia kwa kumpiga mama.

Nimerudi nyumbani na kuwaza hilo njia nzima. Nitamwita nani? Sitaweza kusema "mjukuu wangu." Jina likinitoka mdomoni nitakuwa namwita yule.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya kutoboa paa. Phanice alipima mara mbili, akaweka alama kwa chaki. Drili ilipolia nikaenda nyuma ya nyumba. Sikuweza. Purity ndiye aliyeshika ngazi.

Vishikizo sita, bolti, silikoni. Mambo yakaenda polepole, kumbe betri ya drili ilikuwa imechoka. Saa kumi na moja na nusu Phanice akatazama jua. Kwanza sikuelewa. Kisha akaanza kukusanya vifaa vyake. Msabato! Jua linazama, Sabato inaingia, na paa langu lina mashimo mawili wazi. Nikamsihi, mashimo mawili tu. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba akianza tu, Sabato itamkuta juu ya paa. Akafunika kwa nailoni na utepe wa gundi, akaniombea, akaondoka.

Sina la kumlaumu. Mtu mwenye sheria zake nimheshimu. Mimi mwenyewe natoboa gari kwa ajili ya sheria.

Jumapili, 13 Julai

Mvua ya jana! Nailoni iling'oka. Godoro limelowa upande wa kichwa. Baada ya misa limeanikwa kwenye ua wa majani chai, na kila anayepita anauliza kama Mwalimu ameanza kukojoa kitandani. Phanice amefika asubuhi na mapema, akaziba, akamwagia maji debe zima kujaribu. Hakuna tone.

Jumatano, 23 Julai

Jaribio la kwanza. Nimeshindwa vibaya. Kifriji kilisoma digrii kumi na moja, kinatakiwa kuwa kati ya mbili na nane. Nikampigia Phanice kwa hasira kwamba paneli zake ni za bandia. Akauliza swali moja: nimeegesha wapi?

Chini ya mparachichi. Nilitaka gari lisipate joto.

Hakunicheka, nampa sifa hiyo. Akasema kivuli cha tawi moja tu chaweza kulemaza paneli nzima. Mwalimu mzima naegesha sola kivulini!

Jumamosi, 2 Agosti

Siku tatu bila kuchomeka popote. Ukungu wa Nyamira wote huu, jua la kudokoa — na kifriji kinasoma NNE. Nne asubuhi, nne mchana, nne jioni. Kama kinapona hapa, Turkana kitafanya karamu.

Nimeketi kitandani mle ndani, mlango wa nyuma wazi. Nilikuwa na furaha, halafu ikanigeuka. Nyakerario wangu angeketi pale kwenye kasha la betri, miguu imekunjwa, ananiuliza kama nimekumbuka sabuni. Tulikuwa twende pamoja kila mahali nikistaafu. Alitangulia miezi minne kabla sijastaafu. Nimemkosa leo hadi mikono inauma. Nataka kumshika mtu anayeitwa jina lile. Hilo tu. Hata dakika moja, hata akilia.

Naondoka Jumatatu ya tarehe kumi na moja.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeharibu.

Akiru alipiga mwenyewe, mara ya kwanza. Sauti changamfu. "Baba, Omosa anasema unakuja na gari ya kulala. Kwani nyumba yetu iko na nini?" Alikuwa anatania. Mimi nikataka kumweleza vizuri, kwa Kiswahili safi, maana lugha nyingine hatuna kati yetu.

Miaka thelathini na minne nimefundisha Kiswahili. Nikatafuta neno la ensoni, umoja wa chinsoni. Adabu? Hiyo ya watoto. Heshima? Nikaliona dogo. Likaja lililo karibu na ulimi, lililofanana: soni. Nikasema, "Binti yangu, kwetu ni soni mimi kulala ndani ya nyumba yenu."

Akauliza polepole: "Soni ni aibu?"

Nikasema ndiyo, ni aibu, lakini si ile aibu ya —

Simu ikakatika. Mtandao, au yeye.

Nimefungua kamusi kana kwamba sijui. Soni: aibu, fedheha. Kumbe! Sisi tunasema ensoni kwa ile haya inayomfanya mtu ainamishe macho mbele ya mkwewe kwa kumthamini. Kiswahili kimechukua neno lile lile kikaliacha na fedheha peke yake. Mwanafunzi angeniandikia hivyo ningempigia mstari mwekundu mpaka karatasi ichanike.

Nimempigia mara sita. Hashiki.

Alhamisi, 7 Agosti

Omosa amepiga, anaongea chini chini. Kumbe Akiru alikuwa ameniandalia chumba. Wamejibana chumba kimoja wote watatu, cha pili akakipaka chokaa, akaweka kitanda na chandarua. Kila jirani anajua baba mkwe anakuja kulala pale. Sasa amesikia kwa masikio yake kwamba kulala nyumbani kwake ni aibu.

Nikamuuliza Omosa, kwa nini hukumweleza chinsoni? Wewe ni Mgusii! Akasema alidhani nikishafika na kuwaona nitayaacha hayo mambo mwenyewe. Nikafoka. Akaniacha nimalize, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Kisha akasema Akiru hataki maelezo tena. Anataka kujua kitu kimoja: nikifika, nitaingia ama sitaingia?

Huku nyuma mtoto alikuwa analia. Nilikuwa nasikiliza kilio hicho tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikula vizuri. Sukari imeshuka, nimelamba asali.

Nimeandika "Nitaingia." Nimefuta. Nimeandika "Binti yangu, nisamehe, neno lilikuwa na maana nyingine." Nimefuta — hataki maelezo. Baba yangu asingeingia. Lakini baba yangu hakuwahi kukaa kilomita zote hizi mbali na mjukuu. Kwetu unakatazwa mlango lakini unapewa ua, kigoda, chai, watoto wanakukimbilia. Kule ua ni mchanga, na mimi nitakuwa mzee aliyejifungia kwenye gari la mkate mbele ya kitanda alichotandikiwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetuma. "Nitaingia. Nitalala. Asante kwa chumba."

Dakika kumi. Kisha picha: kitanda cha mbao, shuka la maua, na Nyakerario amelazwa katikati, ngumi juu. Chini ameandika: "Anakushikia nafasi."

Nimelia kama mtoto. Karibu miaka miwili na nusu sijalia hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika nikiwa kwenye usukani. Nilitakiwa kuwa barabarani saa moja iliyopita.

Kila kitu kiko tayari. Insulini ya wiki sita, kifriji kinasoma nne, Phanice amekagua bolti mara ya mwisho na kukataa chai. Purity akaleta ndizi za kuchemsha na maziwa ya safari. Akaona sina godoro ndani, nilikuwa nimelitoa kupata nafasi ya zawadi za mtoto. Akauliza nitalala wapi basi.

Sikuweza kudanganya. Nikamwambia kwamba kwa Akiru nitaingia ndani. Nitalala kitandani kwao. Nikaeleza yote, neno lile, chumba, picha. Nilieleza kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilidhani atafurahi nami.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya sukari:

"Tata, baba yangu, kama kwa Akiru unaingia, mimi miaka tisa nilikosa nini?"

Nikasema ni desturi. Akasema Akiru naye ni mke wa mwanao. Nikasema Akiru hajui mila zetu. Akasema, "Kwa hiyo mimi ningekuwa sizijui ungeingia." Akasema alipotoka hospitali mwaka ule wa kifafa cha mimba, nilimpelekea uji hadi kwenye dirisha, na yeye alikuwa akitazama mkono wangu tu ukiweka kikombe. Mkono na saa, basi. Sikujua kwamba alikuwa akiutazama.

Hakulia. Hakufoka. Amekwenda kwake, ameketi kwenye kile kigoda changu chini ya dirisha, mikono mapajani. Mlango nyuma yake umeachwa wazi. Naona kipande cha pazia na sehemu ya meza yenye kitambaa cheupe.

Omosa anapiga. Bila shaka anauliza nimefika wapi. Injini inanguruma, jua limeanza kupata paneli, na mimi sijui nianze na mlango upi.