Pumzi za Mchonga Mawe

Chumba cha Kupima Mapafu,
Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 418.
Tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na macho bado yanamudu maandishi madogo. Sisi huku hatujambo. Baba ni yule yule, anabishana na redio kana kwamba inamsikia, na Mama amerudia cherehani yake. Umeniuliza mara mbili kwa nini nimekuwa kimya. Leo nakujibu, na nisamehe mwandiko, maana naandika katikati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kazi yangu unaijua. Mgonjwa anabanwa pua, anapuliza kwenye mrija kwa nguvu zake zote, halafu mashine inalinganisha pumzi yake na ile anayotakiwa kuwa nayo mtu mwenye afya. Miaka sita nimeifanya bila kuiuliza mashine swali hata moja.

Mwezi wa saba walikuja wachonga mawe wawili wa machimbo mamoja. Wote wana miaka arobaini na minne, urefu wao sawa, vumbi walilovuta ni lile lile. Mmoja mweupe, mwingine mweusi kama sisi. Wakapuliza, na hewa waliyotoa ikawa karibu sawa kabisa. Karatasi zikatoka. Ya mweupe ilisema ni mgonjwa, aondolewe kwenye vumbi. Ya mweusi ilisema ni mzima, arudi kazini.

Nilidhani nimekosea mimi. Nikampulizisha tena yule mweusi mpaka akaegemea ukuta. Jibu halikubadilika. Akaniambia hii ni mara ya tatu anapimwa, na kwamba msimamizi wake anamwita Mvivu mbele ya wenzake, na jina limefika mpaka nyumbani. Alilisema bila hasira, Shangazi, kama mtu anayetaja anwani yake.

Walipoondoka nikabaki na mashine yangu. Kabla ya kupima tunajaza umri, urefu na jinsia, halafu kuna kisanduku cha nne: rangi. Nimekijaza mara elfu kadhaa. Nikachukua vipimo vya Mchonga Mawe wetu, nikabadilisha neno moja tu, nikaandika mweupe. Palepale mashine ikasema ni mgonjwa.

Nikaanza kusoma kila nilichopata. Kumbe wazo lenyewe ni la tangu enzi za utumwa. Waliomiliki watu walidai kwamba mapafu ya mtu mweusi ni dhaifu kwa kuumbwa, na kwamba kazi ya shamba ndiyo dawa yake. Waliokuja baadaye wakapima watu walioshiba na watu waliochoshwa na kazi, na tofauti wakaiita rangi. Wakoloni waliondoka, bendera zikashushwa, lakini hesabu yao ikabaki ndani ya mashine, inatupunguzia kimya kimya pumzi tunazotakiwa kuwa nazo, hata mgonjwa wetu aonekane mzima. Hapo nikazikumbuka barua ulizokuwa ukiniandikia nikiwa shule, kurasa nne nzima kuhusu uhuru wa akili, nami nikizirukaruka nifike kwenye habari za binamu zangu. Nisamehe. Sasa nimezitoa kabatini zote na ninazipigia mistari.

Nilimwendea Daktari Mkuu wetu. Hapo ndipo paliponiuma, maana yeye naye ni mweusi, na ni mtu mwema. Alinijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofundisha. Akanipa dakika tano kwenye kikao cha Jumatano, nadhani ili nimpumzishe masikio.

Niliingia na zile karatasi mbili, nimeficha majina, majibu na kile kisanduku. Nikazizungusha mezani na kuwaomba waseme nani mgonjwa. Kila mmoja, hata Daktari Mkuu, alisema wote wawili. Ndipo nikafunua.

"Humu hakuna anayewachukia watu weusi," niliwaambia. "Wengi wetu ni weusi wenyewe. Chuki tungeikamata mlangoni. Hii tumeipokea imefungwa kwenye boksi, tukaisainia."

Daktari Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Miaka ishirini na miwili nasaini karatasi hizi," alisema. "Leteni mafaili."

Shangazi, nilitaka kupiga kigelegele mle mle kikaoni. Kisanduku cha nne hatukitumii tena. Tumepitia mafaili ya miaka mitatu na kukuta watu sitini na mmoja walioambiwa wazima wakati ni wagonjwa. Tunawapigia simu kwa zamu. Wengine wanatukatia, wanadhani sisi matapeli, tunapiga tena.

Mchonga Mawe alikuja Ijumaa na mkewe. Niliogopa kumpa habari, kwani ni habari mbaya: mapafu yameumia na hayatarudi yalivyokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa wima.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu," alisema.

Akaniomba nirudie yote, polepole, mkewe asikie. Nikarudia. Mama wa watu alimshika mkono. Ameshaanza dawa, na machimboni wamemhamishia stoo ya zana, mbali na vumbi.

Sasa kila Alhamisi mchana tunakutana kwenye chumba cha shuka, manesi na wapimaji, tunasoma barua zako kwa sauti na kugombana. Nesi mkunga anashikilia kwamba haitoshi kuondoa kisanduku, lazima tuulize nani anayeamua mtu wa kawaida ni yupi. Tunahitaji neno lako. Na jana mpimaji wa figo aliniita pembeni, uso umembadilika: mashine yake nayo ina kisanduku cha rangi. Kesho asubuhi tunaingia kwake na mafaili.

Nisalimie Mjomba, mapacha, na yule jirani yako mpenda siasa. Baba na Mama wanakukumbatia. Mungu akutunzie afya na ule ukali wako, asiupunguze hata chembe.

Ni mimi nikupendaye kwa moyo wote,
Binti wa kaka yako, Kidomo.