Wageni Warudi Kwao

Shikamoo Bibi,

Sijawahi kumwambia mtu: nataka kuwa rais. Ndiyo maana nimekuja Songea kugombea uwaziri mkuu wa bunge la wanafunzi, mimi ninayeogopa hata kuomba chumvi mezani. Mwaka mzima nimesikiliza redio yako, mapinduzi huku, mipaka kufungwa kule, nikaamini kiongozi wa kweli ni yule anayefoka. Hotuba yangu ya asubuhi iliishia hivi: "Wageni warudi kwao!" Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilijiona nimeshaapishwa.

Mchana mpishi wetu, Mama Neema, akanipakulia ugali na maharage.

"Mheshimiwa, kwenu wapi?"

"Tunduru, mama. Mimi Myao."

"Kumbe mtani wangu! Basi ninyi mtavuka Ruvuma mrudi Msumbiji, na sisi Wangoni tutatafuta basi la Afrika Kusini. Ila kula kwanza, safari ni ndefu."

Meza yote ilicheka. Nikakumbuka unavyosimulia babu yako alivyovuka mto na kuku mmoja kwapani. Bibi, nilikuwa nimekufukuza na wewe.

Jioni, kabla ya kura, nilisimama nikasema sentensi ile naifuta, kisha nikawasimulia habari za yule kuku. Walinizomea. Alishinda mvulana aliyeirudia sentensi yangu neno kwa neno. Nilimpigia makofi, halafu nikaenda jikoni kumsaidia Mama Neema kusuuza masufuria.

Mwenyezi Mungu akuweke hapohapo ulipo.

Mjukuu wako,
Rashidi