Kona ya Jagi

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni ya heshima; yanayofuata ni ya hasira.

Huku mvua imeanza, na kuku wa jirani bado wanalala jikoni kwetu. Mama anakusalimu. Alinikataza nisikuandikie lolote kuhusu mguu wake, maana wewe ni kaka yake na utajisikia vibaya. Mimi nataka ujisikie vibaya.

Mshikio wa jagi ulikatika Mama akiwa amelijaza chai ya moto. Ulikatika palepale unapoungana na jagi, kwenye kona niliyoichora ya mviringo. Nilikueleza kiwandani kwako kwamba plastiki ikipoa ndani ya kalibu husinyaa, na kona kali ndiyo huwa ya kwanza kupasuka. Ukacheka mbele ya mafundi: "Mpwa wangu kasoma mpaka anaremba majagi! Ondoeni huo urembo wa kona, tuchonge kalibu upesi."

Sasa ngozi ya paja la mama imebambuka, na bado anawaambia wageni, "Jagi hili kalichora mwanangu." Mshikio ameufunga kwa waya. Anasema labda alilishika vibaya. Eti alilishika vibaya, Mjomba!

Simamisha mashine leo. Chonga kalibu upya, kona iwe kama nilivyoichora. Kisha njoo umbadilishie dada yako bandeji, na umweleze kwa mdomo wako ule urembo ulikuwa wa kazi gani.

Ni mimi mpwa wako,
mremba majagi