Mkanda wa Redio Kaseti ya Mama Yako

Kitindamimba wangu,

Mambo yaliharibika Jumanne tarehe tisa, saa mbili asubuhi. Umeme ulirudi kwa kishindo, na redio kaseti ndogo ya marehemu mama yako, iliyokuwa imechomekwa ukutani, ikanyamaza. Nikaenda ofisini kwao kuwafokea watu wa umeme mbele ya foleni nzima. Wakubwa wale hawamjali mtu.

~~Ukirudi usiiguse hiyo mashine.~~ Nimefuta. Iguse, maana leo asubuhi umenishinda. Nilipokukuta umeifungua kwa kisu cha mboga, nilikupigia kelele kama vile umevunja kaburi lake. Ukasema, "Baba, umeme hauna kosa. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti umeyeyuka, ona, umekuwa kama lami." Nikakuuliza watu wa umeme wamekuajiri lini. Ukaenda kazini bila chai. Nisamehe, binti yangu. Baadaye niliugusa huo mkanda, na mpaka sasa kidole changu ni cheusi.

Naenda kwa fundi kutafuta mkanda mpya. Wewe futa ile lami kwa pamba na spiriti, taratibu. Skrubu ziko kwenye kisosi, paka asizifikie. Kaseti usiirudishe ndani mpaka nije. Ikitafunwa na mashine, hatuna nyingine yenye sauti ya mama yako. Chai iko kwenye chupa.

Watu wa umeme siwaombi radhi, wana makosa mengine.

Ni mimi, baba yako.

Tukifaulu, sikiliza mpaka mwisho. Anaimba huku anafua, halafu ananiona. Nilizima mara tu baada ya swali lake. Anauliza, "Wewe mwanamume, unanirekodi?"