Madigadi ya Kushoto

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili mchana, 14 Juni

Mpendwa dada,

Shikamoo. U hali gani huko? Mgongo umeacha kukusumbua? Na shemeji, na yule binti yenu mwenye maswali kama hakimu, wote wazima? Sisi huku tunapumua. Goti la mama linampa siku mbili nzuri na moja mbaya, lakini ulimi wake hauna maradhi kabisa. Mimi ni mzima.

Dada, kama umesimama, kaa kwanza.

Nimelitoa gari la marehemu baba bandani. Mama alisema anataka kulipanda tena kabla goti halijamkatalia kabisa. Basi tangu Machi nikitoka kazini nalifungua kipande kwa kipande. Milango nimeiegemeza ukutani, boneti niliiweka juu ya meza ya kulia mama akapiga kelele hadi majirani wakachungulia, na madigadi zote nne, yale mabati ya juu ya magurudumu, ziko chini ya kitanda changu. Ukiingia chumbani kwangu utadhani gari limezaa.

Nikadhani shida yangu ni rangi tu. Nilinunua kopo la bei poa, nikampelekea Fundi Msasa, yule mpiga rangi wa gereji ya nyuma ya shule. We! Alilitazama kopo, akanitazama mimi, akauliza, "Hii ya gari au ya banda la kuku?" Akanisomesha kama mtoto wa chekechea. Vyuma vya injini vinataka rangi inayostahimili moto. Rimu zipakwe rangi ya unga, zikaokwe kwenye tanuri. Madigadi, kwa kuwa zinapigwa mawe na matope kila siku, zinataka praima nzuri, ile rangi ya kwanza ya kushikia, juu ya chuma kisafi, kisha rangi ya kuchanganywa na dawa ya kuigandisha. Na juu ya kutu haipakwi kitu. "Rahisi ghali, kijana," akasema, na kopo langu akalitia mlangoni kuzuia upepo.

Fundi ana desturi yake. Hafungui kopo kabla hajasugua duara dogo, la ukubwa wa kifuniko cha chupa, kwenye kila kipande, kwa msasa na maji, taratibu hadi chuma kionekane. Kila rangi ambayo gari limewahi kupakwa inajitokeza moja baada ya nyingine. Anasema asipojua kilichoko chini, hajui kitakachokaa juu.

Jana asubuhi tulisugua madigadi ya mbele ya kulia. Kijani, buluu, rangi ya maziwa, chuma. Safi kabisa. Tukaja ya kushoto.

Ndiyo, dada. Ile ile.

Kijani kikatoka. Buluu ikatoka. Chini ya buluu tukangoja rangi ya maziwa, ikaja puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mabonyeo. Puti nene kama kidole, imebandikwa juu ya kutu bila tone la praima, na chini yake chuma kimebonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Nilimuuliza fundi mara tatu. Akasema, "Mwanangu, puti iko chini ya buluu. Aliyepaka buluu aliikuta." Puti ya namna hiyo, akasema, hubanduka yenyewe, hata gari likiwa limeegeshwa.

Na wewe uliendesha gari la buluu, dada! Lilikuwa la buluu hata mimi sijazaliwa. Ulilirudisha salama jioni, asubuhi kipande cha madigadi hii kikawa chini, basi baba akasema umegonga.

Lo! Nikakaa vumbini. Baba yetu huyo! Aliyesimama uani akaapa gari halijaguswa na kitu tangu alinunue. Aliyekupokonya ufunguo, akakuita mwongo mbele ya wageni, akasema usukani wake hutaushika tena. Miaka kumi na tano hujakanyaga hapa, hata mazikoni hukuja, na sisi tukasema una moyo wa jiwe. Nampenda baba, Mungu amrehemu, lakini jana nilimkasirikia hadi nikalia mbele ya fundi.

Nikamleta mama. Aliinama na mkongojo wake, akalipapasa lile duara kwa kidole. Unajua buluu ile ilivyokuwa fahari yake. Mumewe alilipeleka gari likapakwa rangi aipendayo, bila kuombwa, akarudi kwa miguu anacheka. Kamsimulia kila mtu, hadi daktari wa meno. Jana alifuta kidole kwenye khanga. Kisha akasema, "Kumbe zawadi yangu ilikuwa kiraka." Akaenda kujilaza na viatu miguuni.

Sasa lililo langu. Nimezunguka kurasa mbili nikiogopa kufika hapa.

Siku ile baba aliniuliza, "Ulisikia kishindo getini, sivyo?" Nikasema ndiyo. Dada, sikusikia kitu, nilikuwa nimelala fofofo. Nilikuwa na miaka tisa na nilikitaka kiti cha mbele, ulichokuwa ukikaa wewe. Kesho yake nikakikalia. Miaka yote hii nimejiambia kuwa uligonga kweli, kwa hiyo uongo wangu haukuongeza kitu. Haukuwa mdogo. Wewe ulitolewa nyumbani kwa neno langu. Nisamehe, dada yangu. Safari hii nakwambia nililoliona kwa macho yangu.

Vipande vingine vyote vitapakwa wiki hii. Hiyo ya kushoto fundi alitaka kuivua yote hadi chuma, nikamkatalia. Itakaa ukutani na duara lake mpaka uje uione.

Msalimie sana shemeji, na umbusu mpwa wangu. Shangazi anakusalimu, naye ameshasikia na hajafunga mdomo tangu jana. Fundi Msasa anasema hakujui ila anakupa pole. Mungu akulinde na kila baya, akufungulie njia ya huku.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku

Mama kaniomba kalamu, huu hapa ni mwandiko wake:

Mwanangu, goti halingoji. Njoo uniendeshe.